Matanga ya Sungura Aliye Hai

Miaka hiyo wanyama walikuwa bado wakisemezana na kusengenyana kwa lugha moja, na waliishi pembezoni mwa shamba la Mama Sekela, huko nyanda za juu ambako masika yakiondoka hayaagi. Leo mvua, kesho ukungu, keshokutwa unaamka unakuta majani ya mipichi yamegeuka manjano na kudondoka, mahindi yamekauka na kuinamisha vichwa, na miboga imesinyaa ardhini. Panzi hawaonekani. Vyura wamenyamaza. Mbayuwayu, ambao tangu mvua za kwanza walikuwa wamejazana chini ya paa la Mama Sekela bila kulipa hata shukrani, walikuwa wamejipanga kwenye kamba ya nguo wakibishana nani aongoze safari ya kaskazini.

Kwa wanyama dalili hizo zilikuwa na maana moja tu: njaa iko njiani, imebakisha kuvaa viatu. Kipupwe cha huko hakina mchezo. Kwa miezi minne ardhi inakuwa ngumu na baridi, na jani bichi unalisikia kwenye hadithi. Ndiyo maana wanyama walikuwa na utaratibu wao. Mama Sekela akishavuna, wao waliingia bustanini kuokota mabaki: viazi vilivyosahaulika udongoni, maharage yaliyopasuka kabla ya kuchumwa, mahindi yaliyoangushwa na upepo, pichi za mwisho zilizoanza kukunjamana. Kila kitu kiliwekwa kwenye shimo moja lililochimbwa na Mama Nungunungu, mama mkavu wa maneno, ambaye hakuna mnyama aliyewahi kumwegemea kwa bahati mbaya mara mbili. Baridi ikianza kuuma, shimo lilifunguliwa na kila nyumba ilipata fungu lake kwa kadiri ilivyookota.

Usiniulize Simba na Fisi walianza lini kula maharage. Kamuulize Simba mwenyewe, kama umechoka kuishi.

Sasa, katika nyumba zote hizo kulikuwa na nyumba ya Sungura. Sungura alikuwa na akili. Hilo alilisema mwenyewe, kila siku, kwa yeyote aliyekuwa karibu. Na mtu mwenye akili nyingi kiasi kile hawezi kuinama kuokota viazi, kwa sababu akili zinaweza kumwagika. Kwa hiyo msimu mzima wa kuokota Sungura aliumwa mgongo. Wenzake walipokuwa wanafukua matuta kwa kucha, yeye alikaa chini ya mpichi ameshika kiuno.

"Aa, mgongo!" alilalamika. "Endeleeni tu, ndugu zangu. Mimi nawasaidia kwa mawazo."

Aliyeinama kwa niaba ya nyumba ile alikuwa mkewe, Bi Mashavu. Aliinama asubuhi, akainama jioni, na akirudi nyumbani alimkuta mumewe akilalamika kwamba chakula kimechelewa.

Zilipobaki siku tatu kabla ya mgao, Mama Nungunungu alipita mlango kwa mlango kutangaza mafungu.

"Nyumba ya Sungura," alisema, "nusu fungu."

"Nusu?" Sungura aliruka kutoka kitandani, kisha akakumbuka mgongo na kurudi kukaa polepole. "Nusu kwa nini?"

"Walikuja kuokota wangapi kutoka nyumba hii?"

"Mmoja. Lakini mimi nilitoa mawazo!"

"Mawazo yako tumekutunzia," alisema Mama Nungunungu. "Siku ya mgao utakabidhiwa yote, usikose kuja na kikapu."

Akaenda zake. Sungura alibaki na uchungu wa kweli, maana alijua hesabu ile ilivyokuwa. Nusu fungu lingewafikisha katikati ya kipupwe, hapo hapo ambapo hata magome ya miti huwa magumu kutafuna. Baada ya hapo ni kufa njaa. Aliogopa, na aliona haya kuogopa, na vitu hivyo viwili vilipokutana kichwani mwake vilimzalia mpango.

"Mke wangu," alisema, "nitakufa."

"Lini?" aliuliza Bi Mashavu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye maharage aliyokuwa anachambua.

"Kesho asubuhi."

"Asubuhi saa ngapi? Nina nguo za kufua."

Sungura alimweleza kwa subira, kama mwenye akili anavyoeleza. Nani asiyejua desturi? Msiba ukitokea, kila nyumba huleta chakula kwa wafiwa, tena kizuri, maana kuleta kibaya msibani ni aibu inayokaa miaka. Na kilicholetwa msibani hakirudishwi. Yeye angelala chini ya shuka, akae maiti siku moja na nusu kwa kisingizio cha kumsubiri mjomba wake wa ng'ambo ya mto. Kesho yake saa tisa alasiri, kabla ya maziko, angepiga chafya na kufufuka. Angewaambia alifika hadi mlangoni huko juu, akarudishwa kwa kuwa siku zake bado. Watu wangeshangilia. Na chakula kingekuwa kimeshaingia ndani.

Bi Mashavu alichambua maharage mengine matatu.

"Na Fisi je?"

Swali hilo lilikuwa na uzito wake. Ukoo wa sungura na ukoo wa fisi ni watani tangu enzi za mababu, na mtani msibani ndiye serikali. Humtukana marehemu mbele ya wafiwa. Huigiza sauti yake. Hujilaza mlangoni kuzuia maiti isitoke mpaka apewe chake, hula kabla ya wote na kwa kiasi anachotaka, na hakuna mwenye ruhusa ya kununa. Mwaka uliotangulia, mama mkwe wa Fisi alipofariki, Sungura alikula kitoweo chote cha matanga, akaondoka na mkeka wa marehemu kichwani akiimba. Fisi aliyashuhudia yote hayo na ikambidi acheke.

"Fisi ameshateremka bondeni," alisema Sungura kwa kujiamini. "Ukungu ukianza tu huwafuata wafugaji na ng'ombe wao. Harudi mpaka mvua. Wewe andaa kilio, mambo mengine niachie mimi."

Alikuwa amefikiria kila kitu. Wenye akili hufikiria kila kitu, halafu wanasahau ndege.

Kesho yake asubuhi Bi Mashavu alimaliza kufua, akaanika, akatoka uani na kupiga ukunga uliosikika hadi kwenye matuta ya mwisho ya viazi. Wanyama walikuja mbio. Walimkuta Sungura amenyooka chini ya shuka jeupe, masikio yamekunjwa kwa heshima.

"Ni nini kilichompata?" waliuliza.

"Mgongo," alilia Bi Mashavu.

Wote wakatazamana. Kumbe ulikuwa mgongo kweli! Aibu iliwashika, na mwenye aibu huwa na mkono mwepesi. Ndani ya saa moja chakula kilianza kumiminika. Chini ya shuka Sungura alisikia vikapu vikitua kimoja baada ya kingine, akavitambua kwa harufu: viazi, maharage mekundu, mahindi, pichi zilizokaushwa. Mama Nungunungu mwenyewe alikuja akisukuma boga, lile kubwa la mwisho la bustani nzima, alilokuwa amelificha kwa ajili ya wajukuu wake.

"Nilimsema vibaya," Mama Nungunungu alimnong'oneza Bi Mashavu. "Pokea, mwanangu."

Sungura alikaribia kucheka. Alijizuia kwa kuuma ulimi, akasubiri sehemu aliyokuwa akiitamani kuliko hata boga, yaani sifa. Maiti gani haisifiwi?

"Kwa kweli Sungura alikuwa..." alianza Swala, akatafuta neno. "Alikuwa na masikio."

"Sana," alisema Ngedere. "Na pia alikuwepo."

"Ni kweli. Kila ukienda kwenye ule mpichi, unamkuta."

Wakaketi, wameridhika kwamba wametenda haki. Maiti ilikunja uso chini ya shuka.

Kisha akasimama Simba, ambaye hakuna aliyemwomba. Simba alitikisa manyoya ya shingo mpaka vumbi likawaingia wafiwa machoni.

"Mimi," alisema, "nilimjua marehemu. Yaani, marehemu alinijua mimi, na hiyo si bahati ya kila mtu. Siku moja nilikuwa nimelala kwenye mwamba wangu. Mwamba wangu mnaujua. Sungura akapita kwa mbali, akanitazama. Fikirieni! Huyu mliyemlaza hapa, macho yake yaliniona mimi."

Aliendelea hivyo hadi jua likafika utosini. Alizungumzia ngurumo yake, babu yake, na mkia wake. Mwishoni aliweka mguu mbele, akasema kwa sauti ya kufunga mambo: "Sungura amekufa. Mimi nimesema."

Wakati huohuo mbayuwayu walikuwa wamemaliza ubishi wao na kuondoka. Kundi la mwisho lilipita juu ya ua, likaona umati, likauliza, likajibiwa. Ndege hana haja ya kutumwa. Kabla jua halijatua habari ilikuwa imefika bondeni na kumkuta Fisi anasubiri nyuma ya zizi, akiwa na matumaini yake ya siku zote.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, kilisikika kilio kikipanda mlima. Kilikuwa kilio kibaya, kinachoanza kama kicheko na kuishia kama mlango usiotiwa mafuta. Damu ya maiti ilisimama.

Fisi aliingia uani akihema, miguu imejaa matope ya safari. Aliliona shuka na kukaa chini kwa kishindo, akalia machozi.

"Mtani wangu!" alilia. "Mwizi wa mikeka! Sasa nitamtukana nani mimi? Umeniachia watu wenye adabu tupu!"

Na hakika Sungura aliona haya pale alipolala, maana hakuwa amejua kwamba Fisi anampenda. Lakini haya yake haikudumu, kwa sababu Fisi alifuta machozi, akanusa hewa, akauliza, "Chakula kiko upande gani?"

"Shemeji," alisema Bi Mashavu haraka, "pumzika kwanza. Umetoka mbali."

"Nitapumzikia kwenye viazi, shemeji."

Akaanza na viazi. Hakuvichagua. Vilipokwisha alihamia kwenye maharage, mabichi hivyohivyo, akiyabugia kwa kikapu. Bi Mashavu alimgeukia Mama Nungunungu kwa macho ya kuomba msaada.

"Ni haki yake," alisema Mama Nungunungu. "Mtani hakatazwi."

Chini ya shuka, Sungura alikuwa anasikiliza kipupwe chake chote kikitafunwa. Alifikiria kupiga chafya papo hapo. Lakini maiti inayofufuka wakati mtani anakula ingetiliwa shaka hata na Swala, na Swala hatilii shaka kitu. Tena nyani wa upande wa pili wa shamba walikuwa hawajafika na vikapu vyao. Akavumilia. Alisikia boga likipasuliwa. Akafumba macho yaliyokuwa tayari yamefumbwa. Harufu tamu ya boga ilipita chini ya shuka, ikamzunguka pua, kisha ikamezwa kooni mwa mtu mwingine, na chozi moja la kweli likamtoka.

Fisi aliposhiba, au tuseme vikapu vilipokwisha, alisimama kutoa haki ya pili ya mtani. Alishika kiuno, akakunja uso.

"Aa, mgongo!" aliigiza. "Endeleeni tu, ndugu zangu! Mimi nawasaidia kwa mawazo!"

Msiba mzima ulicheka. Ngedere alianguka kutoka kwenye kigogo. Bi Mashavu naye, mjane wa tangu jana, alijifunika uso kwa kanga na mabega yakawa yanacheza. Sungura aliyavumilia hayo pia.

"Na eti alikuwa na akili!" Fisi aliendelea, sasa amenogewa. "Nani aliwaambia? Mnakumbuka ule mwaka wa kisima, mlivyosikia kwamba Sungura alinidanganya nikabaki ndani ya ndoo? Hiyo habari aliigeuza. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyemweka yeye ndani ya ndoo. Alilia kutwa nzima. Alinibusu miguu nimtoe. Marehemu mtani wangu alikuwa na masikio marefu, lakini katikati ya hayo masikio hamkuwa na kitu. Mjinga, maskini ya Mungu! Mjinga wa kuzaliwa!"

Njaa Sungura angeiweza. Kuchekwa aliweza. Lakini hilo hapana.

"Mwongo!" Shuka liliruka juu. "Mwongo mkubwa wee! Ni mimi niliyekuweka kwenye ndoo! Mimi! Na nikakwambia chini kuna jibini, ukaamini! Tena hata leo nimewadanganya wote hapa, hakuna hata mmoja aliyejua, halafu mimi ndiye mjinga?"

Jani moja la mpichi lilidondoka, likasikika. Sungura alisimama juu ya mkeka, kidole kimenyooshwa, akaanza kuelewa taratibu alichokisema. Alijaribu kupiga chafya. Ilikuwa imechelewa.

"Ha-chaa," alisema kwa unyonge. "Nimerudishwa. Siku zangu bado."

Mama Nungunungu alikuwa wa kwanza kuvuta pumzi, na miiba yake ikasimama mmoja mmoja. "Boga la wajukuu wangu," alisema.

Wengine wakaanza kusogea mbele, na sikuambii walichotaka kufanya. Lakini Simba aliunguruma, wote wakasimama.

"Nani huyo anayeongea?" aliuliza Simba.

"Ni Sungura, Mheshimiwa," alijibu Swala. "Yuko hai."

"Haiwezekani. Jana nilitoa hotuba."

"Ndiyo, Mheshimiwa, lakini..."

"Hotuba ndefu. Nilimtaja babu yangu ndani yake. Nilisema Sungura amekufa. Sasa unataka kuniambia nilihutubia mtu aliyelala tu? Mimi?" Aliwazungushia macho, na hakuna aliyetaka kumwambia hivyo. "Sungura amekufa. Maziko ni saa kumi kama yalivyopangwa."

Mama Nungunungu alilitafakari jambo hilo kidogo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mavuno, akatabasamu.

"Mheshimiwa amesema kweli," alisema. "Marehemu alikuwa mtu wetu. Tumzike."

Saa kumi walizika shuka na mkeka. Walifanya kila kitu kwa utaratibu, udongo na maombi na kilio. Sungura alisimama pembeni ya kaburi lake akipiga kelele, "Ndugu zangu, niko hapa!" na wenzake wakawa wanampita kwenda kumshika mkono Bi Mashavu. Fisi alilia upya, maana alikuwa hajaelewa chochote na hakuona sababu ya kuuliza. Kisha akateremka zake bondeni ameshiba hadi shingoni.

Siku ya mgao Sungura alifika na kikapu mapema kuliko wote. Mama Nungunungu aliita nyumba moja moja, hadi akafika kwenye yao.

"Nyumba ya marehemu Sungura. Lile nusu fungu lilitokana na mlaji asiyeokota. Huyo hayupo tena, Mungu amrehemu. Mjane ni mmoja, ameokota mwenyewe, tena kwa bidii. Fungu zima."

"Na mimi?" alipiga kelele Sungura. "Mama Nungunungu, nitakula nini mimi? Kipupwe ni miezi minne!"

Mama Nungunungu alimwangalia Swala. "Umesikia upepo?"

"Nimesikia," alisema Swala. "Unavuma kutoka kaburini."

Sungura aliondoka pale na kikapu kitupu. Siku zilizofuata alimsalimia Ngedere, Ngedere akajikinga kwa dua. Alijaribu kuokota viazi bustanini, safari hii akiinama kweli hadi mgongo ukamuuma kweli, lakini udongo ulikuwa umeshafukuliwa wote na baridi imeufunga. Kobe, aliyekuwa ameanza safari ya kuja msibani siku ile ile ya kifo, alimkuta njiani siku ya sita, akamwambia poleni sana kwa msiba, marehemu nilimfahamu, akaendelea kutembea.

Asubuhi moja, ukungu ukiwa umelala juu ya matuta na mipichi imebaki fimbo tupu, Sungura aligonga mlango wa nyumba yake. Alikuwa amekonda. Ndani kulikuwa na moto, na harufu ya maharage yaliyotokota polepole tangu alfajiri.

"Hodi, mke wangu. Ni mimi. Hawa wengine wana hasira zao, lakini wewe unajua niko hai. Wewe uliujua mpango tangu mwanzo."

Mlango ulifunguka kiasi cha kidole. Bi Mashavu alikuwa amevaa nguo nyeupe za mjane, na mashavu yake yalikuwa yamenawiri.

"Samahani, baba," alisema kwa sauti ya chini, yenye heshima zote. "Siruhusiwi kusemezana na wanaume. Niko edani. Ni miezi minne na siku kumi."

"Eda? Eda ya nani?"

"Yako."

Akaufunga mlango taratibu, kama inavyompasa mfiwa.

Basi ndugu msomaji, bustani ya wenzako ikigeuka manjano, inama uokote nao. Na kama huwezi kabisa kuinama, na ni lazima udanganye, nakusihi ujifanye mgonjwa, maana mgonjwa anaruhusiwa kupona.